Shetani wa Visconti-Sforza ni wa juzi tu

Umeuliza kama Shetani kwenye seti yako ya Visconti-Sforza, nakala ya karata za kale za taroti kutoka Italia, ni wa karne ya 15. Hapana, huyo amechorwa na msanii wa siku hizi. Za asili zimesalia karata 74 kati ya 78: 35 ziko maktaba ya Morgan Library, New York, 26 ziko makumbusho ya Accademia Carrara kule Bergamo, Italia, na 13 ni za familia ya Colleoni. Shetani, Mnara, Panga Tatu na Mpanda Farasi wa Sarafu hazipo, kwa hiyo kila mchapishaji huziba pengo kivyake. Ndiyo maana Shetani wa seti moja hafanani na wa nyingine.

Tazama pia ukingo wa juu, katikati. Karata za asili zina tundu dogo, kama zilizowahi kupigiliwa msumari ukutani, na nakala nzuri huliacha lionekane. Yangu wamelifuta, na dhahabu yenyewe ni manjano iliyopauka, hovyo kabisa.

Ila usichanganye: Nguvu, Kiasi, Nyota, Mwezi, Jua na Dunia nazo zina mkono tofauti, lakini hizo ni za kale kweli, ziliongezwa na mchoraji mwingine baadaye.