Barua kwa mwanangu: dawa ipo, na bei yake hii

Mwanangu Baraka,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa kibarazani, mlima umejifunika. Unasema hapo Dodoma mna mzee mwenye saratani ya tezi dume iliyofika kwenye mifupa. Daktari bingwa kaandika abiraterone, vidonge vya kuzuia homoni inayoilisha saratani hiyo, bima imeirudisha fomu. Ukauliza: "Mama, dawa ambayo mgonjwa hana uwezo nayo, unamwambia ipo, au unamnyamazia asiumie mara mbili?"

Mimi niliwahi kunyamaza. Alikuwa mama wa Rombo, ana uvimbe kwenye titi, kinyama kilichokatwa kupimwa kikarudi na majibu ya HER2 chanya, yaani seli za saratani zina protini nyingi inayozichochea kukua. Unajua maana yake: trastuzumab, dawa inayoizuia protini hiyo, ingemfaa. Dawa hiyo ilianza kutumika Marekani mwaka 1998, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu. Sikuwa mjinga wa hayo. Ila nilizitazama ndala zake, moja imeshonwa kwa uzi wa nailoni, nikamwandikia kemo ya kawaida na rufaa ya mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, basi. Baada ya miaka miwili saratani ilirudi, safari hii kwenye ini. Kijana wake, mchimbaji wa Mirerani, akaingia ofisini simu mkononi. Hakupaza sauti. "Daktari, kumbe dawa ilikuwepo? Sisi kwa mama tumezaliwa wanane."

Wanane. Sikuwa nimeuliza hata kama ana watoto.

Tangu siku hiyo nasema. Nataja dawa, nataja bei, kisha nasema bei hiyo inanunua nini. Hilo la mwisho ndilo linalonitoa jasho, maana dawa mpya si zote za kuuzia ng'ombe. Chukua zile zinazoamsha kinga ya mwili, zilizowapa wanasayansi Allison na Honjo tuzo ya Nobel mwaka 2018. Kuna wagonjwa wanaoishi nazo miaka mingi ambayo zamani hatukuithubutu hata kuitamka. Lakini kwa saratani nyingi, walio wengi haziwasaidii. Nimeiona familia iliyokata na kuuza kipande cha kihamba, shamba la ukoo, nawe unajua kwetu kihamba si kiwanja, babu zao wamelala pale, wakanunua dripu tatu. Ya nne baba yao hakuifikia. Hakuna aliyewaambia kwamba kwa aina ya saratani aliyokuwa nayo matumaini yalikuwa madogo. Waliambiwa tu kwamba ni dawa ya kisasa.

Kuhusu bima, usipoteze nguvu kugombana na dada wa dirishani, hana kosa. Mimi niliwahi kurudishiwa fomu ikiwa na maandishi mekundu: "Ambatisha majibu ya kipimo." Kipimo chenyewe, bima hiyohiyo ilisema hakimo kwenye kitita chake! Tulichanga ofisini, kikapimwa, fomu ikarudi tena kwa sababu ya muhuri. Wiki sita zilipita hivyo, uvimbe unakua. Siku hizi naandika jina halisi la dawa, si la kampuni, nabana majibu ya kinyama palepale, kisha namtafuta kwa simu daktari wa upande wao anayepitia maombi. Daktari kwa daktari tunaelewana haraka. Wakikataa kabisa, mpeleke ndugu ustawi wa jamii kabla hajaanza kuuza kitu.

Na bei, mwanangu, haikushuka mbinguni. Desemba 2019 Shirika la Afya Duniani lilipitisha trastuzumab ya kwanza iliyotengenezwa na kiwanda kingine, si kile kilichoianzisha, kwa bei ya chini sana. Mwaka huohuo Waingereza walichapisha utafiti wa wanawake kama 4,000: waliotumia dawa hiyo miezi sita walikaribiana mno kimatokeo na waliotumia mwaka mzima. Ni dozi 9 badala ya 18. Hakuna mwuza dawa aliyewahi kuja ofisini kwangu na kalamu na kalenda za bure kunieleza habari hiyo. Niliisoma mwenyewe usiku, wewe ukiwa na mitihani ya kidato cha sita.

Sasa mzee wako. Abiraterone humezwa vidonge vinne vya miligramu 250, tumbo likiwa tupu, kwa sababu chakula chenye mafuta mengi kinaweza kuongeza dawa inayoingia kwenye damu hadi mara 10. Watu wakajiuliza: kama chakula kinaisukuma hivyo, kwa nini tusikitumie? Mwaka 2018 ukatoka utafiti mdogo, wanaume 72: kidonge kimoja pamoja na kifungua kinywa chepesi kilishusha PSA, kiashiria cha saratani hiyo kwenye damu, sawa na vinne. Walipima PSA, si miaka ya kuishi, kwa hiyo usimwahidi mtu. Na usiamue peke yako; mpelekee bingwa wako hoja hiyo kwa adabu, yeye ndiye mwenye saini. Lakini robo ya gharama huenda familia ikaimudu bila fomu ya mtu yeyote.

Akikubali, nenda kitandani kwa mzee, vuta kiti, umuulize asubuhi huwa anakunywa chai na nini. Kama ni mtori wa nyama nono, hapo mna mazungumzo.

Mama yako,
Moshi