Kwa Wanaorithi Kazi ya Kupinga Vita Vyuoni

Wadogo zangu mnaoingia mwaka huu katika kazi ya kuwaunganisha wanafunzi wanaopinga vita katika vyuo vya Marekani, mtaambiwa na wengi kwamba vikwazo vyenu vikubwa ni uongozi wa chuo, polisi na wanasiasa. Vikwazo hivyo vipo, na nitavigusa. Hata hivyo, katika miaka niliyoifanya kazi hii huko Ohio wakati wa vita vya Iraki, nikiwa mwanafunzi niliyetoka Tanzania, kilichovunja vikundi vingi kuliko kingine chochote kilikuwa ni kalenda ya masomo. Mwanafunzi hukaa chuoni miaka minne, na katika hiyo minne huwa na uzoefu wa kutosha kuongoza kwa miwili hivi. Kila Mei mitihani huua vikao, kiangazi watu hutawanyika kutafuta vibarua, na masomo yanapofunguliwa tena chuo huwa kimejaa wageni wasiojua lolote lililofanyika kabla yao, ilhali vita vimeendelea muda wote huo.

Tazameni yaliyotokea mwaka 1970. Students for a Democratic Society, jumuiya ya wanafunzi iliyokuwa na matawi katika mamia ya vyuo na iliyoitisha maandamano makubwa ya Washington ya Aprili 1965 dhidi ya vita vya Vietnam, ilivunjika katika mkutano wake mkuu wa Chicago mwezi Juni 1969, pale makundi yaliyogombea uongozi yalipofukuzana. Haukupita mwaka mzima kabla Rais Nixon hajatangaza, tarehe 30 Aprili 1970, kwamba majeshi yake yanaingia Kambodia. Tarehe 4 Mei askari wa kikosi cha ulinzi wa taifa cha Ohio waliwafyatulia risasi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kent State, wakaua wanne na kujeruhi tisa. Mamia ya vyuo yaligoma. Mgomo mkubwa kuliko wowote ambao wanafunzi wa nchi ile walikuwa wamewahi kuufanya ulikuja wakati chombo ambacho kingeweza kuushika kilikuwa kimekwisha kusambaratika, na wanafunzi wa Brandeis, karibu na Boston, ndio waliolazimika kuanzisha kwa haraka kituo cha kukusanya na kusambaza habari za mgomo. Walifanya kazi ya kusifiwa. Lakini baada ya wiki chache vyuo vilifungwa, watu wakaenda makwao, na nguvu ile haikuwa na mahali pa kungojea mwaka mpya.

Jambo hilohilo lilijirudia mwaka 2003. Campus Antiwar Network, mtandao wa vikundi vya wanafunzi wanaopinga vita, ulizaliwa Januari mwaka huo, na tarehe 5 Machi wanafunzi wa mamia ya shule na vyuo waliacha madarasa wakidai vitabu badala ya mabomu. Uvamizi wa Iraki ulianza majuma mawili baadaye. Vikundi vilivyokuwa vimejaza kumbi mwezi Machi vilirudi baada ya kiangazi na watu watatu au wanne, wengi wao wakiwa wamekata tamaa kwa sababu walidhani kwamba lengo lilikuwa kuzuia vita visianze, na vita vilikwisha kuanza. Mtandao ulioendelea uliendelea kwa sababu walikuwapo wachache waliokuwa wameandika majina, wametunza kumbukumbu na wamekubaliana mapema nani atapiga simu kwa nani mwezi Agosti.

Kwa hiyo anzeni na makabidhiano, hata kabla ya bango la kwanza. Kila kikundi cha chuo kiwe na daftari linaloandikwa kwa ajili ya mtu ambaye bado hajafika, lenye yale mambo madogo ambayo mtu huyajua baada ya kuhangaika mno: ofisi ipi hutoa kibali cha kutumia ukumbi na huchukua siku ngapi, profesa yupi amekubali kuwa mlezi wa kikundi, maana vyuo vingi havisajili kikundi kisicho na mlezi, fedha za serikali ya wanafunzi huombwa mwezi gani na zinahitaji saini ya nani, kanisa au msikiti upi wa jirani hukubali wageni walale sakafuni wakati wa mkutano wa kanda, na makubaliano gani yalifikiwa na chama cha wafanyakazi wa chuo. Viongozi wapya wachaguliwe Februari, si Mei, ili wapate miezi miwili au mitatu ya kufanya kazi bega kwa bega na wale wanaoondoka. Nafasi ya mratibu wa kanda isishikwe kamwe na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho asiye na msaidizi wa mwaka wa kwanza au wa pili, hata kama huyo wa mwaka wa mwisho ndiye hodari kuliko wote. Na kwa kweli hodari wa namna hiyo ndiye anayehitaji msaidizi zaidi, kwa kuwa hubeba mambo mengi kichwani bila kuyaandika popote. Wakati wa kiangazi wawepo wanaozungumza kwa simu kila baada ya wiki mbili, hata kama hakuna jipya.

Mkishajua nani atairithi kazi, amueni nani atakuwa na kauli. Mtandao unaoamuliwa kila kitu na kamati ya kitaifa huwachosha watu wa vyuo, na mtandao usio na kamati yoyote hushindwa hata kukubaliana tarehe. Maoni yangu, niliyoyafikia baada ya kuona njia zote mbili, ni kwamba kila chuo kiwe huru juu ya shughuli zake, na mkutano mkuu wa wajumbe uamue mambo machache tu: madai ya pamoja, siku za pamoja na matumizi ya fedha. Wajumbe watokane na vyuo, idadi sawa kwa kila chuo, wakichaguliwa katika kikao cha wazi ambacho muhtasari wake unatumwa kabla ya mkutano. Msipoweka utaratibu huo, chama kidogo chenye nidhamu na nauli kitajaza ukumbi kwa watu wake na kupitisha azimio ambalo wanafunzi wa vyuo hawajawahi kuliona. Mivutano ya Chicago mwaka 1969 ilitokana kwa sehemu kubwa na jambo hilo. Madai nayo yawe machache. Mfuasi wa Quaker, dhehebu la Kikristo linalokataa vita, Mwislamu, msoshalisti na yule asiyetaka serikali ichezee kodi yake wanaweza kusimama pamoja wakidai majeshi yarudi nyumbani, lakini wakitakiwa kutia saini waraka wa kurasa ishirini kuhusu kila tatizo la dunia, nusu yao wataondoka.

Shughuli ya kwanza ninayoipendekeza kwa chuo kipya ni mhadhara wa usiku kucha. Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Machi 1965, katika Chuo Kikuu cha Michigan huko Ann Arbor, walimu waliokuwa wamepanga kusimamisha masomo kwa siku moja walipingwa vikali na wanasiasa wa jimbo, wakaamua badala yake kufundisha usiku kuhusu Vietnam. Walikuja watu wapatao 3,000, na baada ya wiki chache makumi ya vyuo vilikuwa vimefanya vivyo hivyo. Ubora wa njia hii ni kwamba anayeisikia katika chuo kingine anaweza kuiiga kwa ukumbi mmoja na walimu watano, bila kungoja ruhusa ya kamati, na wanaobaki hadi alfajiri wakiuliza maswali ndio watakaokuwa kikundi chenu.

Sasa nawaomba mfikirie ni vyuo gani mnaviita mtandao. Siku kumi tu baada ya Kent State, usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Mei 1970, polisi waliwaua vijana wawili katika Jackson State, chuo cha Weusi huko Mississippi, na nchi haikutikisika kama ilivyotikiswa na Ohio. Mtandao unaokusanya vyuo vikubwa vyenye majina hurudia upofu huo. Nendeni kwenye vyuo vya miaka miwili, ambako wanafunzi hufanya kazi mchana na kusoma jioni, na ambako maofisa waandikishaji wa jeshi huweka meza zao kwa sababu wanajua ahadi ya kulipiwa ada ina uzito pale. Vikao vya huko vifanyike saa ambazo mwenye kazi na mtoto anaweza kufika. Mtawakuta pia waliorudi kutoka vitani na wanaolipiwa masomo kwa utumishi wao. Wasikilizeni kwanza, wala msiwafanye mapambo ya jukwaa. Nilijifunza kuhusu Iraki kutoka kwao mambo ambayo hakuna mhadhara ulionifundisha.

Kuhusu sheria nitasema machache. Katiba ya Marekani inaibana serikali, kwa hiyo chuo cha umma hakiwezi kuwanyima usajili kwa sababu tu hakipendi msimamo wenu, na Mahakama ya Juu ya nchi ile iliamua hivyo mwaka 1972. Chuo cha binafsi hufuata kanuni zake chenyewe, na ni lazima mzisome. Msiwaahidi watu kwamba mtawafukuza kabisa waandikishaji, kwa maana chuo kinachowazuia kinaweza kupoteza fedha za serikali kuu, na mwaka 2006 mahakama hiyohiyo iliikubali sheria hiyo. Wekeni meza yenu karibu na yao, mkiwa na maelezo sahihi ya mkataba wa jeshi.

Linabaki suala la usalama, hasa kwa wageni kama nilivyokuwa mimi. Nyaraka zilizochukuliwa kutoka ofisi ya FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu ya Marekani, katika mji wa Media, Pennsylvania, Machi 1971, zilionyesha kwamba vikundi vya wanafunzi Weusi vilipelelezwa vyuoni, na kwamba kuwatia hofu wapinzani lilikuwa lengo lenyewe. Mnaposhukiana bila ushahidi mnaifanya kazi hiyo kwa niaba yao. Mambo yenu yawe halali na ya wazi, isipokuwa majina ya wanachama, ambayo hayapaswi kutangazwa wala kutumwa ovyo. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilifuta viza za wanafunzi wa kigeni kwa sababu ya kauli na maandamano yao kuhusu Gaza, kwa hiyo msimshinikize mwenye viza atoe hotuba au apigwe picha, na msimwondoe kazini kwa kisingizio cha kumlinda. Mpeni taarifa kamili, namba ya wakili anayejua sheria za uhamiaji, kisha aamue mwenyewe. Anayepanga maandamano aorodheshe mapema kazi zinazoweza kufanywa bila kusimama mbele ya kamera, kama vile kutafsiri, kuweka hesabu, kupika na kuandika lile daftari la makabidhiano, na kazi hizo zigawiwe kwanza, bila mtu yeyote kuulizwa kwa nini amechagua aliyoichagua.