Hadithi Inapobishana na Wachezaji Wake

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki linauliza iwapo hadithi iliyosimuliwa vibaya inaweza kuuharibu mchezo wa video wa ushirikiano ambao kwa mambo mengine yote umebuniwa kwa ustadi. Jibu langu ni ndiyo, na naongeza kwamba madhara yake katika mchezo wa watu wawili ni makubwa kuliko katika mchezo wa mtu mmoja. Anayecheza peke yake akikutana na mazungumzo ya kuchosha, huyavumilia au huyaruka, yakaisha. Wanaocheza wawili tayari wana hadithi yao wenyewe, wanayoitunga kwa mikono na kwa vinywa: nani alichelewa kuruka, nani alimwokoa mwenzake, nani anacheka na nani amenuna. Mwandishi wa mchezo anayesahau kwamba hadithi hiyo ipo hujikuta anabishana nayo, na kwa kawaida hushindwa.

Mchezo unaolionyesha jambo hili waziwazi kuliko mingine ninayoijua ni It Takes Two, kazi ya studio ya Hazelight ya Sweden chini ya Josef Fares, uliotoka mwaka 2021 na kutwaa taji la mchezo bora wa mwaka katika tuzo za The Game Awards mwaka huohuo. Taji hilo uliustahili. Hauchezeki na mtu mmoja, na kila sura humpa kila mchezaji kifaa ambacho bila cha mwenzake hakifiki mbali. Wahusika ni Cody na May, mume na mke wanaokaribia kutalikiana, ambao machozi ya binti yao Rose yamewageuza kuwa wanasesere. Katika sura ya mti, Cody hurusha utomvu unaoshika moto, naye May hurusha njiti za kiberiti. Utomvu peke yake hukilemea tu kile unachokiangukia, na njiti peke yake huishia kuwa cheche. Vikikutana, kundi zima la nyigu hulipuka. Bila kufundishwa na mtu, wachezaji huanza kuambizana "mwaga, mwaga, ngoja, haya washa", na baada ya muda mfupi hata maneno hayo hayahitajiki tena, kwa kuwa kila mmoja ameshaijua kasi ya mwenzake.

Halafu hadithi inaingia. Kitabu cha mapenzi kilichopata uhai, kinachojiita Dk. Hakim na kupenda sana kutingisha kiuno, huwakatiza wachezaji ili kuwaeleza kwamba ndoa inahitaji ushirikiano. Wanaoelezwa hayo ni watu wawili waliotoka sekunde chache zilizopita kushirikiana kwa namna ambayo wanandoa wengi wangeionea wivu! Nao Cody na May wanaendelea kurushiana vijembe kana kwamba safari ile yote wameifanya watu wengine. Mikono ya wachezaji inajua kwamba wawili hawa wanaelewana, ilhali maandishi yanasisitiza kwamba hawaelewani, na pengo hilo halizibwi na vichekesho.

Hilo ningeweza kulisamehe. Nisilolisamehe ni tukio la Cutie, mdoli wa tembo anayependwa na Rose kuliko wanasesere wake wote. Cody na May wameshawishika kwamba machozi ya mtoto wao yatawarudisha katika umbo la binadamu, hivyo wanaamua kumliza kwa kumwangamiza mdoli huyo. Cutie hajawakosea chochote. Anawapokea kwa furaha, na anapotambua nia yao anawasihi. Wachezaji wote wawili wanatakiwa kumkamata na kumburuta hadi ukingoni, huku mwili wake ukichanika njiani, na hakuna njia nyingine ya kusonga mbele. Rose analia, machozi hayabadilishi kitu, na safari inaendelea. Tazameni kilichofanyika hapa: ule uwezo wa kushirikiana ambao mchezo umeujenga kwa saa nyingi unatumiwa kwa kitendo ambacho wachezaji, wangeulizwa, wangekikataa kwa sauti moja. Ukatili wenyewe haunisumbui sana, maana hadithi nzuri nyingi zina ukatili. Kosa ni kwamba waandishi walitaka tucheke na kuumia kwa wakati mmoja, kisha wakakosa nafasi ya kuwawajibisha wazazi hao ipasavyo. Tangu hapo mchezaji anaendelea kufurahia mafumbo, lakini hajali tena kama Cody na May watapatana, na kupatana kwao ndiko mchezo mzima unakokwenda.

Wapo watakaosema kwamba hadithi ya michezo ya aina hii haina budi kuwa nyepesi. Sikubaliani nao, kwa kuwa Portal 2, mchezo wa mafumbo wa mwaka 2011, ilishaonyesha njia. Katika sehemu yake ya wachezaji wawili, roboti ATLAS na P-body hawasemi neno la maana. Huonyeshana mahali pa kuelekea, hupungiana mikono, basi. Anayezungumza ni GLaDOS, kompyuta inayowasimamia, na kazi yake ni kuwachonganisha: humsifu mmoja mbele ya mwenzake na kutoa au kupokonya alama zisizo na maana yoyote. Anayajua yanayoendelea kati ya wachezaji na anayachokoza, hivyo kila kejeli yake huwapa jambo la kucheka pamoja. Hata usaliti unaweza kusimuliwa vizuri. A Way Out ya 2018, ambayo pia ni ya Fares, humalizikia kwa kuwageuza washirika wawili kuwa maadui (asiyeucheza aniwie radhi), na jambo hilo linauma kwa sababu kanuni za mchezo nazo zinageuka: vitufe vilivyokuwa vya kusaidiana sasa ni vya kupigana.

Ushauri wa kuiruka tu hadithi isiyopendeza hausaidii katika mchezo wa wawili, kwa sababu uamuzi huo una wenyewe wawili. Mmoja anataka kusikiliza, mwingine amechoka, na filamu ndogo inayokatiza mchezo huwalazimisha wote wanyamaze au wagombane. Left 4 Dead ya 2008, mchezo wa wachezaji wanne wanaopambana na mazombi, iliepuka mtego huo kwa kuandika sehemu kubwa ya hadithi yake kwenye kuta za vyumba vya usalama, ambako walionusurika kabla yenu wameacha majina, maonyo na hata mabishano. Anayependa husoma huku wenzake wakikusanya risasi na dawa, na mlango haufunguki mpaka mmoja wao aamue kuufungua.