Eko imesoma 30, ndo basi tena?

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 27, nimejifungua miezi miwili iliyopita, wiki ya tatu miguu ikaanza kuvimba na usiku silali mpaka niegemee mito mitatu, mama mkwe akasema ni uzazi tu utaisha. Juzi nimepigwa eko (ile ultrasaundi ya moyo) nikaambiwa moyo umetanuka, karatasi imeandikwa EF 30%, dokta ana foleni hakunielezea. Yaani moyo umebaki asilimia 30? Nimeingia gugo nimelia hadi asubuhi. (Mama Kichanga, Morogoro)

JIBU: Marahaba mama, pole na hongera ya mtoto. Hiyo 30 usiisome kama maksi za mtihani. EF inapima ile damu iliyojaa chumba cha kushoto cha moyo, kila pigo inasukumwa nje kiasi gani, na hakuna mwenye 100, hata mkimbia marathoni, mzima anacheza kwenye 55 mpaka 70. Kwa hiyo umeshuka toka kwenye kama 60 hivi. Nisikudanganye lakini, 30 ni chini na ugonjwa huu wa moyo unaua, hasa aliyeambiwa ni uzazi tu akakaa nyumbani (mama mkwe umweleze kwa adabu).

Ila kwa maelezo yako inafanana na ile ya moyo kutanuka kutokana na uzazi, inayoanza mwezi wa mwisho wa mimba mpaka miezi mitano baada ya kujifungua, na hii wengi misuli ya moyo inapata nguvu tena ndani ya miezi sita, wengine inachukua hata mwaka. Gugo inakuchanganya na wenye mioyo iliyotanuka kwa sababu nyingine kabisa.

Kinachowaponza watu ni kidonge cha Lasix. Inakausha maji, wiki mbili uvimbe umeisha, analala vizuri, anaona kapona anaacha dawa zote, wakati vile vidonge vingine ndo vinavyoupunguzia moyo kazi. Usiache hata kimoja bila dokta wako, na mwambie unanyonyesha. Tafuta mzani, pima kila asubuhi ukishakojoa kabla ya chai, ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3 au mito ikawa minne, nenda hospitali siku hiyohiyo usingoje kliniki.

Mimba nyingine sa hivi hapana, ugonjwa unaweza kurudi na nguvu zaidi, omba uzazi wa mpango usio na homoni ya estrojeni maana hiyo inachangia damu kuganda. Na karatasi ya eko itunze, ukirudia kipimo ndo ya kulinganishia.