Dada wa Mbarara, usikubali hiyo sindano ya sauti

Dada, usiende. Umeandika kwamba sauti inakukauka kila baada ya mkesha, sasa imekatika tena, Ijumaa una mhubiri mgeni wa kumtafsiria kutoka Kiswahili kwenda Kinyankole, na kuna mtu wa kiliniki amekuahidi sindano itakayoirudisha ndani ya saa chache. Ukauliza na tangawizi na mayai mabichi. Hayo baadaye. Sindano kwanza, maana naiona njia unayoelekea na najua inaishia wapi.

Mimi ni mkalimani wa ibada hapa Kampala, kwenye makanisa ya Wakongomani upande wa Katwe na Nsambya. Kazi hii unaijua. Wahubiri wanapokezana usiku kucha, mkalimani ni yule yule. Mhubiri akipandisha sauti unapanda naye, akilia unalia naye, na kwaya ikianza pambio nawe unaimba kwa sababu huwezi kusimama pale mbele umefunga mdomo. Asubuhi sauti imebaki mkwaruzo. Jumatano inarudi kidogo, Ijumaa unaimaliza tena. Nilikaa hivyo muda mrefu, na kila niliyemuuliza alikuwa na jibu. Mzee mmoja wa kanisa alisema ni shetani anapigana na ujumbe. Naamini maombi kwa moyo wangu wote, lakini neno lile lilinichelewesha kutafuta tiba, na bado linaniuma. Duka la dawa likaniuzia amoksisilini mara kwa mara, wakati sauti inayokatika ghafla pamoja na mafua kwa kawaida huletwa na virusi, ambavyo antibiotiki haiviui, na ya kwangu haikuwa hata ya mafua.

Kisha nikapelekwa kwa mtu wa sindano. Koti jeupe, stetoskopu shingoni. Alinisikiliza kifua, ambacho hakikuwa na shida yoyote, akasema koo limevimba, akanichoma deksamethasoni. Hakuuliza nafanya kazi gani. Hakuuliza usiku ule nakwenda wapi. Hata angeniwashia tochi mdomoni asingeona kitu, kwa sababu nyuzi za sauti ziko chini zaidi, ndani ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti, na huonekana kwa kioo maalumu au kwa kamera. Alitibu kitu ambacho hajakiona, akapokea pesa, akaniambia "nenda kahubiri".

Na sauti ilirudi! Hapo ndipo penye hatari, dada. Ilirudi safi kabisa, nikamshukuru Mungu kwa machozi. Dawa ile inashusha uvimbe, haiponyi nyuzi. Uvimbe ndio uliokuwa unanizuia kupaza sauti, na sasa kizuizi kimeondolewa huku nyuzi zenyewe bado zimechoka. Mwanamume akizungumza tu kwa kawaida, nyuzi hugongana mara 100 na zaidi kwa sekunde moja. Mwanamke kama wewe, karibu mara 200. Piga hesabu ya usiku mzima wa kupaza sauti. Kuelekea alfajiri, katikati ya "haleluya", sauti ikakatika. Sikusikia maumivu wala kukohoa. Mdomo ulikuwa wazi, pumzi inatoka, hakuna mlio. Mhubiri akasema sentensi yake tena akidhani sikumsikia.

Hospitali walinipulizia dawa ya ganzi puani, chungu inayoteremka mpaka kooni, wakapitisha kamera nyembamba na kuniambia niseme "iii". Kwenye skrini nikaziona: utepe mbili zinazofunguka na kufunga, moja nyeupe, nyingine imejaa damu chini ya ngozi yake. Mshipa mdogo ulipasuka nikiwa napaza sauti. Na pembeni, pande zote mbili, vinundu vya siku nyingi, vivimbe vidogo kama sugu. Vinundu hivyo ndivyo vilivyokuwa vinaniondolea sauti kila wiki, na hakuna kati ya wote walionitoza pesa aliyewahi kuvitafuta. Daktari aliuliza kama nilimeza aspirini. Ndiyo, kwa ajili ya kichwa. Nayo huongeza hatari ya kuvuja damu, kwa hiyo wewe iache kabisa wiki hii.

Nikaamriwa kimya. Si kusema polepole, kimya. Hata kunong'ona kwa kulazimisha kunachosha nyuzi. Nikawa naandika kwenye daftari, nauliza bei ya boda kwa vidole. Watoto walifurahi, hakuna aliyewapigia kelele kuhusu vyombo. Lakini mikesha yangu ilipewa mtu mwingine, harusi mbili kubwa za kutafsiri zikanipita, na karo ya shule nikaikopa.

Usiniambie "waimbaji wakubwa wanachomwa". Wanaochomwa hivyo kwa busara wanakuwa na daktari aliyeangalia nyuzi kwanza. Na hata wakubwa hukubali kusimama: Adele wa Uingereza mwaka 2011 alifuta ziara yake ya Marekani kwa sababu ya damu kwenye nyuzi, akafanyiwa upasuaji Boston. Yeye aliyekuwa na kila kitu alinyamaza, sisi wa spika moja kanisani tunachomwa na kuendelea.

Kwa hiyo shika hili moja: mtu ambaye hajaziona nyuzi zako asikupe dawa ya sauti. Hapo Mbarara hospitali ya rufaa ina idara ya masikio, pua na koo, usije mpaka hospitali ya Mulago huku Kampala. Mwambie daktari kazi yako, mwambie inajirudia. Sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki 4 lazima iangaliwe, na usingoje hata hizo kama unatema damu, unapumua au kumeza kwa shida, au kuna uvimbe shingoni. Kifua kikuu na saratani ya zoloto navyo vinaweza kuanza kwa mkwaruzo. Kama ni vinundu, usiogope kisu. Mara nyingi huisha kwa mazoezi ya sauti chini ya mtaalamu wa tiba ya usemi, na Uganda tunao, wengine wamesomea Makerere. Mimi nilifundishwa upya kupumua na kutoa sauti bila kubana shingo, na bado nafanya mazoezi yale kila asubuhi.

Tangawizi na asali, kunywa ukipenda, zinatuliza koo. Zinateremka kwenye umio, njia ya chakula, nyuzi hazizigusi. Mayai mabichi kaangia watoto.

Mtumie mchungaji ujumbe leo, wa maandishi, usipige simu, apate muda wa kutafuta mkalimani mwingine. Na kama umeshachomwa kabla ya kusoma hapa, Ijumaa baki nyumbani hata sauti ikiwa imerudi safi. Hasa ikiwa imerudi safi.