Maswali na Majibu: Cheti cha Miwani na Namba Zake

Tangu tulipochapisha makala ya upimaji wa macho ya wanafunzi, barua nyingi zilizotufikia kutoka mkoani Tanga zimeandikwa na wasaidizi wa maduka ya miwani na wa vyumba vya kupimia macho. Karibu wote wanauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: namba zilizoandikwa kwenye cheti cha miwani zina maana gani, na msaidizi azishughulikie vipi. Mtaalamu wetu wa macho anajibu baadhi ya barua hizo.

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nimeajiriwa karibuni katika duka la miwani hapa Ngamiani, na kazi yangu ni kupokea vyeti na kuvinakili katika daftari la maagizo. Naandika −1.50, −0.75 na 180 kama nilivyozikuta, lakini mteja akiniuliza maana yake nabaki kutabasamu. Naomba unieleweshe tangu mwanzo.
Msaidizi, Ngamiani, Tanga

Jibu: Marahaba, mwanangu. Namba zote hizo zinaeleza jambo moja: mwanga unakutana wapi ukishaingia jichoni. Konea, ule utando angavu wa mbele, ndiyo inayopinda mwanga kwa sehemu kubwa, kiasi cha diopta 43 (diopta ndicho kipimo cha nguvu ya lenzi), na lenzi iliyo nyuma ya mboni huongeza nyingine hata jumla ikafikia takriban diopta 60. Jicho la mtu mzima lina urefu wa takriban milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma, na mwanga ukikutana barabara juu ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, mtu huona mbali bila msaada wowote. Jicho likiwa refu kuliko nguvu yake, mwanga hukutana kabla ya kuifikia retina, na mwenye jicho hilo huona vya karibu lakini vya mbali vina ukungu. Huyu hupewa lenzi ya kutoa, kama hiyo −1.50 yako, ambayo ni nyembamba katikati na nene pembezoni. Likiwa fupi, mwanga unakuwa haujakutana bado unapoigonga retina, naye hupewa lenzi ya kujumlisha, iliyo nene katikati. Milimita moja ya urefu wa jicho huleta tofauti ya karibu diopta 3, nawe hapo unaona kwa nini robo diopta inaandikwa na haipuuzwi.

Diopta yenyewe ni hesabu nyepesi: chukua 1, igawanye kwa umbali, kwa mita, ambapo lenzi hukusanya mwanga utokao mbali. Lenzi ya +2.00 hukusanya mwanga kwenye nusu mita. Mtu wa −2.00 akivua miwani, mwisho wake wa kuona vizuri ni hiyo nusu mita, wa −4.00 huishia sentimita 25. Mteja akikuuliza, mwoneshe umbali huo kwa mkono, naye ataelewa kuliko ukimtajia diopta.

Ile −0.75 ni silinda. Konea nyingi hazikupinda sawa kila upande. Mpindo wa wima na wa mlalo hutofautiana kama mgongo wa kijiko, na mwanga hushindwa kukutana katika nukta moja. Thomas Young, tabibu wa Uingereza, aliieleza kasoro hii katika jicho lake mwenyewe mwaka 1801, na katika miaka ya 1820 mwanaastronomia George Airy akatengenezewa lenzi ya silinda kwa ajili ya jicho lake. Silinda haina maana bila mhimili, yaani mwelekeo inakolala, ambao ndio hiyo 180 uliyoinakili. Mhimili huhesabiwa kwa nyuzi kutoka 1 hadi 180. 180 ni mlalo na 90 ni wima.

Sasa nije kwenye daftari lako, ambalo naliogopa kuliko mashine yoyote ya dukani. Kila nguvu ya lenzi iandikwe pamoja na alama yake, hata ikiwa ya kujumlisha, na iwe na tarakimu mbili baada ya nukta. Usiandike .75, andika 0.75, kwa sababu nukta iliyo peke yake hufutika, na 75 ikifika karakana hakuna atakayejua ulikusudia nini. Mhimili uandike kwa tarakimu tatu, 005 au 090, na usiweke kile kiduara cha nyuzi. 18 yenye kiduara juu yake imeshasomwa 180 mara nyingi, na mteja akapewa silinda iliyolala upande usio wake. Vyeti vingine vina OD kwa jicho la kulia na OS kwa la kushoto, vingine vina R na L. Vyovyote viwavyo, kulia ni kulia kwa mteja, si kwako wewe unayemtazama usoni.

Swali: Dada mmoja alinijia na vyeti viwili vya jicho lile lile, vilivyoandikwa na wapimaji wawili. Kimoja kinasema −2.00, silinda +1.00, mhimili 090. Kingine kinasema −1.00, silinda −1.00, mhimili 180. Anataka kujua nani amekosea, nami sikuwa na la kumwambia.
Msaidizi, Muheza

Jibu: Hakuna aliyekosea, ni lenzi ile ile. Wapo wanaopima kwa silinda ya kujumlisha na wapo wanaopima kwa silinda ya kutoa, na njia ya kugeuza moja kuwa nyingine ni fupi. Jumlisha namba ya kwanza na silinda: −2.00 na +1.00 hukupa −1.00, ndiyo namba mpya ya kwanza. Silinda ibadilishe alama tu, +1.00 iwe −1.00. Kisha mhimili usogeze nyuzi 90: 090 inakuwa 180, na ukivuka 180 unatoa 90 badala ya kujumlisha. Fanya zoezi hili kwa vyeti vya zamani mpaka likae kichwani, kwa kuwa mteja anayeambiwa kwamba mmoja wa wapimaji wake ni mwongo hatarudi kwa yeyote kati yenu.

Swali: As-salaam alaykum, bwana mtaalamu. Duka letu lipo Makorora, na wateja wetu wengi ni wazee. Baadhi yao wamerudisha miwani ya kusomea ya +2.50. Wanasema msahafu wakiushika mkononi wanasoma, lakini wakiuweka juu ya marufaa, kile kibao cha kuwekea msahafu, nukta hazionekani. Je, lenzi ni mbovu?
Muuza miwani, Makorora

Jibu: Wa alaykumu s-salaam. Lenzi ni nzima, ila umbali ndio haukuulizwa. Kijana akitazama karibu, lenzi ya jicho lake hujifutua na kuongeza nguvu. Uwezo huo hupungua mwaka hadi mwaka, hata kufikia miaka 40 na kitu mtu huanza kurefusha mkono ili asome, na baada ya miaka 60 hubaki kidogo mno. Mzee wa namna hiyo, ikiwa anaona mbali vizuri, ukimvika +2.50 umempa sentimita 40, kwa maana 1 gawanya kwa 2.50 ni 0.40. Msahafu ulioshikwa mkononi upo hapo hapo. Lakini mzee aliyekaa mkekani, mgongo wima na marufaa mbele ya magoti yake, macho yake yako mbali zaidi na ukurasa. Mara nyingi nimepima sentimita 55 hadi 60, na kwa umbali huo anahitaji kama +1.75, ambayo hukusanya mwanga kwenye sentimita 57. Hiyo tofauti ya robo tatu ya diopta ndiyo inayozila nukta. Msomaji wa gazeti hukisia neno hata herufi moja ikififia, ilhali katika msahafu herufi za be, te na the hutofautiana kwa nukta tu, na asomaye hakubali kukisia.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua kabati, mketishe mzee kama akaavyo anaposoma, mpe kitabu akiweke mahali pake, kisha pima kwa futi ya fundi kutoka jichoni hadi kwenye ukurasa. Fundi wa cherehani ana umbali wake, mvuvi anayeshona nyavu ana wake. Kumbuka pia kwamba namba hii ya karibu huongezwa juu ya namba ya mbali, haisimami peke yake. Mwenye +1.00 ya mbali akihitaji nyongeza ya +1.75, miwani yake ya kusomea ni +2.75, mwenye −1.00 ya mbali, kwa nyongeza hiyo hiyo, ni +0.75 tu. Zile miwani zilizotengenezwa tayari zina nguvu sawa macho yote mawili na hazina silinda. Sizibezi, maana zimewarudishia wengi kusoma, ila asiye na macho yanayolingana usimuuzie.

Swali: Shikamoo. Babu yangu wa Pangani alikuwa haachi miwani ya +3.00, lakini mwaka huu ameivua na anasoma gazeti bila kitu. Nyumbani tumefurahi. Shida ni kwamba vya mbali vimeanza kumpotea, na juani ndiyo taabu kabisa. Je, nimtafutie miwani ya mbali ya namba ya kutoa?
Mjukuu na msaidizi wa kliniki, Tanga mjini

Jibu: Marahaba. Usimtafutie miwani kwanza, mpeleke akachunguzwe. Katika umri wake, sababu inayonijia mbele ni mtoto wa jicho. Lenzi iliyo ndani ya jicho inapokuwa ngumu na kugeuka manjano katikati, nguvu yake ya kupinda mwanga huongezeka, na jicho linasogea upande wa kutoa. Ndipo mtu wa +3.00 anapojikuta anasoma bila miwani huku vya mbali vikimpotea. Furaha hiyo haidumu, kwa sababu lenzi inaendelea kuwa na ukungu hata kusoma nako kunakwenda. Jua kali humsumbua kwa kuwa mboni hujifinya, naye hulazimika kutazama kupitia katikati kabisa, penye ukungu mwingi. Tiba ni upasuaji: lenzi iliyoharibika huondolewa na kuwekwa ya bandia. Hakuna tone la dawa linaloifuta, wala la dukani wala la mitishamba, na maji ya majani jichoni yanaweza kuunguza konea. Wakati wa uchunguzi waombe wapime pia presha ya macho, kwani hiyo hula upeo wa kuona kutoka pembeni bila maumivu, na mwenyewe huja kugundua baadaye sana.

Swali: Chumba chetu cha kupimia kina urefu wa mita 3 na ushee, lakini chati tuliyopewa ni ya mita 6. Tena ni nakala ya fotokopi. Tufanyeje?
Wasaidizi wawili, Korogwe

Jibu: Kioo kinawatosha. Kitundikeni mita 3 mbele ya mgonjwa, na chati iwe juu ya kichwa chake ikitazama kioo. Mwanga utasafiri mita 3 kwenda na 3 kurudi. Chati ya herufi lazima iwe imechapwa kinyume ili isomeke kiooni. Ile ya herufi E kwa wasiojua kusoma inafaa kama ilivyo, mradi nanyi mtazame kiooni mnaposahihisha mwelekeo wa vidole.

Fotokopi ndiyo inayonitia shaka zaidi. Herman Snellen wa Uholanzi alipotoa chati yake mwaka 1862 aliweka kila herufi kwa kipimo: ya mstari wa 6/6, yaani ule ambao jicho zima huusoma kwa mita 6, huchukua pembe ya dakika 5 za nyuzi ukiwa mita 6, yaani kimo cha karibu milimita 9, na ile kubwa ya 6/60, ambayo jicho zima huisoma hata kwa mita 60, ina kimo cha milimita 87 hivi. Chukueni rula sasa hivi mpime herufi kubwa ya juu. Ikiwa ina milimita 70, chati yenu inawafelisha watu wenye macho mazima.

Funikeni jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza. Mgonjwa akiishia mstari wa juu, mpeni kibao chenye tundu dogo la kama milimita 1.2 atazamie humo. Akisoma mistari zaidi, tatizo lake ni la miwani. Asiposoma zaidi, muhisi ugonjwa na mumpeleke kwa daktari. Asiyeona hata 6/60 msogezeni mita 3 muandike 3/60. Asiyefika hapo kwa jicho lake zuri, hata akivaa miwani yake, Shirika la Afya Duniani linamhesabu kuwa kipofu.

Swali: Kwa nini karakana inakataa maagizo yetu tusipoandika umbali wa kutoka mboni moja hadi nyingine?
Msaidizi, Chumbageni

Jibu: Kwa sababu lenzi isiyokaa katikati ya mboni hugeuka prizimu, yaani huusukuma mwanga upande. Zidisha nguvu ya lenzi kwa sentimita ilizohama: lenzi ya diopta 6 iliyohama milimita 5 hukupa prizimu ya 3, ya kutosha kumuumiza mtu kichwa au kumfanya aone viwili. Kaa mbele ya mteja, macho yenu yawe kimo kimoja, na rula uiegemeze juu ya pua yake. Fumba jicho lako la kulia, mwambie atazame la kushoto, na weka sifuri kwenye ukingo wa mboni yake ya kulia. Kisha bila kusogeza rula fumba la kushoto, atazame la kulia, nawe soma kwenye ukingo wa mboni yake ya kushoto wa upande ule ule. Kwa watu wazima wengi utapata kati ya milimita 54 na 74. Ukipata 48 kwa mtu mzima, pima tena kabla hujaandika.