Barua kwa mwanangu: wakikuuliza "kwa mfano?"

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema umeitwa kwenye usaili Alhamisi, umekusanya maswali arobaini na majibu yake, unayakariri kila usiku na bado moyo hautulii. Unauliza ufanye nini zaidi. Majibu hayo yaweke kando kwanza, mwanangu.

Nasema hivi kwa kuwa yalinikuta. Nikiwa na umri kama wako niliingia kwenye chumba cha usaili na majibu niliyoyakariri neno kwa neno. Nikasema najua kufanya kazi na watu wa kila aina. Mama mmoja kwenye jopo akaniuliza kwa upole, "Kwa mfano?" Nikanyamaza. Mifano nilikuwa nayo tele, ila sikuwahi kukaa chini nikaifikiria. Kazi ile sikuipata, na swali lile halijanitoka akilini mpaka leo.

Basi lichukue tangazo la kazi ulisome mstari kwa mstari. Hiyo ndiyo karatasi ya mtihani, na wamekupa mapema. Kwa kila jukumu lililoandikwa pale jiulize, niliwahi kufanya kitu kama hiki wapi? Ukikuta "kuandaa taarifa za kila mwezi", kumbuka ule mwezi hesabu zilipokataa kuoana ukakesha ukisaka kosa. Andika kwa ufupi: mambo yalikuwaje, ulitakiwa kufanya nini, ulifanya nini hasa, ikaishaje. Visa vitano au sita vya kweli vinatosha, maana kisa kimoja huweza kujibu maswali matatu.

Hapo kwenye "ulifanya nini hasa" usipite haraka. Nimekusikia ukisimulia kazi yako ya mwanzo: tulipanga, tulirekebisha, tulifaulu. Ni adabu nzuri, nami ndiye niliyekulea hivyo. Lakini mara nyingi wasaili wana karatasi ya alama mbele yao, na wanayempima ni wewe, si kundi zima. Wape sifa wenzako, kisha useme, "sehemu yangu ilikuwa hii."

Halafu visimulie kwa sauti. Ukisoma kimya unajiona umeiva, kumbe ulimi haujawahi kuyatamka maneno hayo. Jirekodi kwenye simu ujisikilize. Kisa kikizidi dakika mbili, kipunguze.

Swali la udhaifu, hilo linalokutisha, usilijibu kwa "nafanya kazi kupita kiasi". Wamelisikia hilo mno. Taja jambo la kweli, lisilogusa kiini cha kazi unayoomba, na ueleze unavyolirekebisha. Wewe unajijua, huchelewa kuomba msaada. Sema hivyo, na useme siku hizi unafanyaje.

Wakiuliza miezi minane uliyokaa bila kazi, waambie ulikuwa unamuuguza baba yako. Sentensi moja inatosha, wala usiombe radhi kwa hilo.

Mengine unayajua: vyeti halisi, nguo nadhifu, kufika mapema. Andaa na maswali mawili ya kuwauliza wao. Mimi ningeuliza wangependa kuona nini katika miezi mitatu ya kwanza ya atakayeajiriwa.

Nitumie hilo tangazo leo, kisha unipigie Jumatano jioni. Nitakuhoji kama jopo, na kila utakachosema nitakuuliza, "Kwa mfano?"

Mama yako